Kitu cha Kumeza Wimbi

…na usitikise, Papa, usitikise hata kidogo, anasema binti yangu Elodie, kama vile huu mukono ni wa kuazima, mukono ulioshusha lori lisilo na breki kutoka Nyunzu mpaka hapa Kalemie, nikilituliza kwa maneno tu, pole pole mupenzi, pole pole, na lori likasikia, leo huo mukono ushindwe na fishi ya waya wa umeme iliyolegea ndani ya priza, bon, ninashika, nimechuchumaa nyuma ya meza yangu mwenyewe, ndani ya biro yangu mwenyewe ya fotokopi, kidole gumba juu ya fishi, kingine chini, nikilegeza kidogo tu mashini, ile kompyuta ya Elodie, inakufa na hesabu ya tangu asubuhi inakuwa zero, na priza hii niliifunga mimi, niliwaambia watu wote wa avenue kwamba hata radi haiwezi kuitoa ukutani, kwa hiyo sasa siwezi kulalamika… harufu ya mvula, hapana, ni wino wa fotokopi, mvula bado, tuko na joto tu, na lile giza upande wa vilima ambalo Grégoire anazidi kuliangalia pale mulangoni, Grégoire wa taxi-moto, ile pikipiki ya kubeba watu tunayoiita moto tu, anajifanya anangojea telefone yake ishibe umeme, kumbe anangojea nirudie hadithi ya lori, maana kila nikiirudia kilima kinakuwa kirefu zaidi, na jana breki zilikuwa zimebaki kidogo, leo hazipo kabisa… Papa, inafika, angalia, anasema Elodie, na shingo yangu inageuka peke yake, ekra, kioo cha mashini, naiona ya kando-kando, kilima cha bluu kinatembea kutoka kushoto, kinatetemeka kama mugongo wa samaki aliye hai bado, na mbele yake ukuta mwekundu, umesimama wima, na huyu binti yangu, fizik, mwaka wa mwisho, kesho profesa wake anataka kuona michoro ya mémoire, kile kitabu cha kumalizia masomo, amenieleza mara nyingi mpaka ningeweza kufundisha mimi, nami nilifika troisième ya sekondari tu kabla masomo hayajanishinda, hapana, kabla sijayashinda mimi, amenieleza kwamba kile kilima ni elektron moja, si kama jiwe, Papa, ni kama nafasi ya kuikuta, pale kilima kinapopanda njo pale unaweza kuikuta zaidi, na mashini imeikata njia yake vipande vipande, nukta nyingi kama muchanga, na wakati nao imeukata, na kwa kila kipande cha wakati kila nukta inauliza jirani zake, wa kushoto na wa kuume, nyinyi mukoje?, halafu inajipanga vile walivyo, njo hivyo kilima kinatembea, kwa umbea wa majirani, nikamuambia basi mashini yako ni kama avenue yetu, akacheka, asubuhi alicheka, sasa hacheki, amebana midomo kama mama yake anapohesabu vyombo… nguvu yake haitoshi kuuruka ule ukuta, alisema, na bado kipande kinapita, nikauliza kinatoboa?, hakitoboi, ukuta unabaki muzima, kinaruka?, hakiruki, Papa, sasa kinapita wapi?, ndani, akasema, ndani ndani, na Grégoire akapiga mukono kwenye paja, ah Mademoiselle, mutu ya kupita ndani ya ukuta bila kutoboa sisi tunamujua jina yake, na hatumuandikie mémoire, tunamuitia pasteri!, nikacheka kuliko wote, nikasema Grégoire, mulozi wako, huyo muchawi, apite kuta za watu wengine, akifika kwangu atabisha hodi na kungojea nje kama wewe…

…maana ukuta wangu, nani asiyeujua, wenye moto wanapunguza mwendo wakipita, wengine wanasema haujanyooka, ni wivu, ziwa lilipopanda mwaka huu liliingia jikoni kwetu bila hasira, polepole, kama mugeni anayejua sufuria ziko wapi, asubuhi unaamka unakuta sapato zinaelea na kuangaliana, na nyumba yetu iko chini kabisa, kando ya maji, si kama biro hii iliyo juu barabarani, basi Pélagie, mama wa Elodie, akachukua mama yake na godoro wakapanda kilimani kwa dada yake, mimi nikabaki, niliona njia ya maji, si mbele yalikopitia, yalipanda kwa kaniveau, ule mufereji unaoshuka kutoka barabarani, unapita nyuma ya nyumba, unakata pembe ya kiwanja na kutoka ziwani, kumbe ziwa lilikuwa linaupanda kinyume, mwizi anaingia kwa mulango wa kutokea, nikatafuta simenti iliyonyeshewa, ile inayogandia ndani ya mufuko na kuwa jiwe, watu wanaitupa, mimi nikaipanga, mufuko juu ya mufuko, mbele, kushoto, kuume, na mudomo wa kaniveau nikauziba kwa mikono hii, mifuko mizima na simenti mupya katikati, nikaupiga teke, ukanirudishia teke, na tangu siku ile, kiangazi chote, hakuna tone lililoingia, hakuna!, nikaingia majini mpaka kiuno nikaliuliza ziwa, unasemaje sasa?, na juzi kilimani mbele ya familia nzima nikasimama na bilauri nikawaambia rudini, rudini nyumbani, ziwa lenyewe sasa linaniomba ruhusa kabla ya kupiga wimbi, wakacheka mpaka machozi, dada ya Pélagie alicheka kwa sababu alitaka kurudishiwa chumba chake, na leo wameshuka, asubuhi, Pélagie na mama yake, godoro juu ya moto ya Grégoire, Grégoire amenieleza, mama muzee alikaa nyuma amelishikilia kama bwana harusi… Papa, sasa ni ile ya mwisho, anasema Elodie, champ, ile nguvu ya umeme, kubwa kuliko zote, usichoke, sichoki, mimi?, lakini kidole gumba kimeanza kuwa cha mutu mwingine, na ekrani ule ukuta mwekundu unaanza kuinama, hii champ électrique, anasema, ni kama kuinamisha meza yote, sakafu inateremka upande wa kuume, na kichwa cha ukuta kinateremka nayo, ule uliokuwa kama sanduku umekuwa kama jino, mupana chini, juu mwembamba, mwembamba kabisa, na ukiuangalia kutoka mbele, upande elektron inakotokea, urefu wake ni ule ule, haujapunguka hata kidogo, hilo sikulipenda asubuhi na sasa silipendi, ukuta muzima kwa mbele na kwa nyuma umeliwa… hakuna anayeuangalia kutoka nyuma, nani anaangalia ukuta kutoka nyuma… kilima cha bluu kinafika, kinagonga, kinavunjika meno meno, kikubwa kinarudi kushoto na aibu yake, na upande ule mwingine, polepole, kama jasho juu ya mutungi, kitu kinatokea, chembamba, halafu kinakuwa si chembamba tena, kinateremka ile sakafu iliyoinama, kinakimbia, tazama, anasema Elodie, tazama inavyokimbia, na sauti yake imekuwa tamu kidogo, ni muchoro wa profesa huo, nami ninasema asante Yesu, tumemaliza, namutuma Grégoire soda, mimi na binti yangu tumepitisha elektron ukutani, nitawaeleza nilikuwa naisukuma na kidole…

non, anasema Elodie, non, non, non, nini?, inarudi, nini inarudi?, na kweli, ile bluu iliyopita, ilikimbia mpaka mwisho wa ekra, kule kuume pasipo kitu, hakuna ukuta, hakuna mustari, ni weupe tu, na pale penye weupe imegonga, imesimama, imejikunja juu yake yenyewe, inapanda, inarudi na meno marefu kuliko yale ya kuendea, nani ameweka ukuta pale?, nauliza, hakuna, Papa, pale njo mwisho wa hesabu, nukta ya mwisho haina jirani, mashini inafikiri dunia imeishia pale, ikifika haina pa kwenda, ilipashwa niweke kitu ya kumeza, kitu gani?, kitu ya kumeza wimbi pale mwisho, lipite, liende zake, nimesahau, mimi mujinga, nilifikiria tu ukuta ya mbele, siku zote nilifikiria ukuta ya mbele, na sasa?, sasa linajaa ndani, Papa, usilegeze, iache ifike mwisho, nitakata kipande ya mwanzo, ile ya mbele iko sawa… linajaa ndani, na mimi nimeshika fishi, linajaa ndani, ni hesabu ya mutoto wa shule, hakuna maji mule, ni umeme na rangi, lakini naona pembe ya kiwanja chetu, naiona kama nimesimama juu ya bati, kaniveau inashuka kutoka barabarani, inapita nyuma ya nyumba, inakata pembe, na mudomo wake ambao nimeuziba, ambao ulinirudishia teke, na barabara iko chini ya vilima, na vilima vikinyeshewa vinatemea maji barabarani, na barabara inatemea kaniveau, siku zote imekuwa hivyo, tangu wazungu waichimbe, maji ya juu yanashuka kwetu yanapita yanaingia ziwani kwenda zao, ziwa lilikuwa linameza, ziwa njo lilikuwa kitu cha kumeza, na mimi nimelifunga mudomo, mbele, kushoto, kuume, nimejenga sufuria, mukono wangu huu umejenga sufuria na kiangazi kizima nimecheza ngoma juu ya mufuniko kwa sababu hakuna aliyekuwa amemimina maji bado… na pembeni ya kaniveau, pembe ya chini kabisa, chumba cha mukwe wangu, maana mukwe halali chini ya bati moja na mutu aliyeoa binti yake, hilo linajulikana kwetu, watu wangesema nini, nilimujengea chumba chake peke yake, nyuma, mulango unaangalia upande mwingine ili tusikutane asubuhi na miswaki mudomoni, mbali na macho yangu kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na kiwanja kiliruhusu pale, heshima ilinisukuma mpaka pale, niliwaambia watu angalieni mukwe anavyoheshimiwa, ana nyumba yake kama gavana, chini, kando ya mufereji, ndani ya sufuria…

kule juu inanyesha tayari, anasema Grégoire, angalieni, vilima vimepotea, na hapa bado jua, jua kabisa, linaangaza vumbi mulangoni, kuku anakwaruza, hakuna tone, maji yatafika huku kabla ya mvula, yatawakuta watu chini ya jua wanaanika ndagaa, mukono wa kushoto, mukono wa kushoto uko huru, telefone iko mufukoni mwa shati, polepole, usitikise Papa, sitikisi, Pélagie, Pélagie, inalia, inalia, allô, anasema, na nyuma yake makelele ya wauza samaki, uko wapi?, niko sokoni, kuna nini?, Mama iko wapi?, amelala chumbani kwake, amechoka na moto, yule Grégoire wako anapita kila shimo kama analipwa kwa mashimo, Pélagie, sikia, umutoe Mama, kaniveau itajaa, ukuta wangu si muzuri, nimeuziba vibaya, maji ya vilima hayana pa kutokea… kicheko, kicheko cha Pélagie nilichokipenda kabla sijapenda kitu kingine, Barnabé!, leo umebadilisha wimbo!, juzi ziwa linakuomba ruhusa, leo mufereji umekukasirikia, huku jua linachoma, baba, mimi sina kivuli hata cha kusimama, Pélagie, nasema kweli, sema kweli, anasema, sema kweli unataka nirudi kilimani ili ubaki na nyumba na rafiki zako, hapana Pélagie, naapa, wee, usiape, uliapa na lile lori pia, na ananicheka, na anawaambia wauza samaki, bwana wangu anasema ukuta yake ni mubaya, na wao wanacheka, maana hilo njo jambo la kuchekesha kuliko yote niliyowahi kusema, halafu telefone inakatika, napiga tena, sauti ya ile mashine ya kike inaniambia kwa Kifaransa kwamba mwenzangu hapatikani, nimesema kweli na ile kweli imegonga pale mwisho pasipo ukuta, imerudi kwangu na meno…

Papa, mukono, anasema Elodie, nimeshika, nimeshika, lile wimbi limefika nyuma ya ukuta mwekundu, upande ulioliwa, linaulamba, hakuna anayemusikia mama muzee akiita kutoka kwenye pembe ile, nilihakikisha mimi mwenyewe kwamba hasikiki, heshima… na telefone yake anayo, siku zote anayo, mutoni, kanisani, hata akioga anaiweka juu ya jiwe, kwa sababu ya Floribert, mutoto wake, ndugu ya Pélagie, aliyekwenda Kiambi kutafuta samaki wakavu wa muto Luvua wakati wa matata na hakurudi, hakuna kaburi, hakuna habari, njia ilimumeza, na yule mama akipigiwa telefone hasemi allô kama watu, anasema Floribert?, hata ikiwa ni mutu aliyekosea nambari, anasema Floribert?, na kungojea, na mimi sijawahi kumupigia, tangu nioe, maneno yetu yanapita kwa Pélagie, salamu zangu zinapita kwa Pélagie, alipougua niliuliza kupitia Pélagie, mukwe hapigi telefone kwa mama wa muke wake isipokuwa mutu amekufa au… kidole kimeshapiga, ni cha kushoto, hakikuniuliza, inalia mara moja tu, na sauti, ya usingizi, Floribert?

Mama, ninasema, Mama, ni mukwe wenu, ni Barnabé, na ninamusikia anavuta pumzi, amejua, mukwe hapigi bure, na kweli iko pale kwenye ulimi, mutoke Mama, maji yanakuja, lakini nitamueleza vipi maji chini ya jua, atangoja Pélagie arudi sokoni amutafsirie, ataketi kitandani na kungoja kwa adabu, na nyuma ya pumzi yake kuna kitu, kama mutu anamimina maji polepole ndani ya ndoo, au ni redio, au ni sikio langu, na ulimi wangu, huu huu ulioshusha lori, haukunisubiri, Mama, Floribert iko hapa, iko hapa kwangu, ku biro, ameketi mbele yangu, amekonda, amechoka, hawezi kushuka huko, mupande, mupande sasa hivi, musichukue kitu… nilingojea kicheko, wote wananicheka, yeye hakucheka, nikasikia kitanda, nikasikia mukono unapapasa chini ya kitanda, sapato, anatafuta sapato, halafu sauti ndogo, safi, ya binti, mumuambie asiondoke tena, mukwe, mumukamate mukono, ndiyo Mama, nimemukamata, na mukono wangu umekamata fishi… Grégoire, washa moto, umulete mukwe wangu, umupite Pélagie sokoni, usisimame popote, kimbia, na Grégoire, mutu ambaye hajawahi kukosa neno, ananiangalia, anauliza, Papa Barnabé, Floribert njo nani?, nenda!, na anakwenda, sauti ya moto inashuka, inashuka, na sasa kuna upepo mulangoni, wa baridi, umetoka vilimani, karatasi juu ya fotokopi zinajigeuza zenyewe, na Elodie ameondoa mikono kwenye mashini, ananiangalia, hajaniangalia hivyo tangu azaliwe, Papa, mujomba iko wapi?, hesabu imefika wapi?, ninauliza, Papa, umemuambia nini koko, mama ya mama yangu?, hesabu imefika wapi, Elodie, angalia hesabu, na hakuna anayeangalia ila mimi, kwa jicho la kando, bluu imejaa upande wa kuume wote, inakwenda mpaka pale penye weupe na kurudi, na atapanda, Mungu wangu, nimeomba apande na atapanda, au pikipiki itafika na kukuta mufereji umejaa, kati ya hayo mawili sijui ni lipi ninaloliogopa zaidi, atateremka hapo mulangoni na sapato zake, moja ya bluu labda na moja ya Pélagie, atasalimu, ataangalia juu ya bega langu, na pale karibu na fotokopi kuna kiti cha plastiki, cheupe, ambacho nimesema mutu ameketi juu yake, na katika hadithi zangu zote sina ya kuketisha pale, natafuta, lori, ziwa, mulozi, hakuna, na kidole gumba hakijasogea, usitikise, Papa, anasema Elodie polepole, haniangalii mimi, anaangalia kile kiti kitupu, usitikise, na mimi sitikisi…